Mashine Inaimba: Nahodha wa Angani na Zamu ya Usiku Mufindi

Saa tisa usiku, Mufindi, ukungu huwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa kiwanda cha chai. Ukisimama nje huioni mikaratusi iliyo hatua ishirini mbele yako, huoni barabara wala mashamba. Unasikia mngurumo wa mashine mgongoni, na mwanga wa taa unakwenda hatua chache kisha unamezwa na weupe. Ndani kuna watu wa zamu, kuna boila inayokula kuni, kuna joto na harufu ya majani yaliyokatwa, harufu inayoingia kwenye nywele na haitoki hata ukiosha. Nimeisimamia zamu hiyo kwa miaka 11. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa na hisia ambayo sikuwa na jina lake: kwamba tumo ndani ya chombo kinachosafiri, na nje hakuna nchi.

Jina nililetewa na mtoto wa dada yangu. Alikuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, akanikuta nyumbani Mafinga nimelala mchana kama walalavyo watu wa usiku. Akangoja niamke, akachomeka eksitenali kwenye runinga. "Mama mdogo," akasema, "nimekuletea nahodha anayekunywa chai."

Nahodha huyo ni Jean-Luc Picard, wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise, katika tamthilia ya Star Trek: The Next Generation. Akitaka chai huuambia ukuta wa chumba chake maneno matatu tu: chai, Earl Grey, ya moto. Kikombe kinatokea. Earl Grey ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Kwa hiyo huyu mtu wa karne ya 24, mwenye mashine ya kumtengenezea kinywaji chochote duniani na mbinguni, anachagua kile ambacho mimi hukesha nikikitengeneza. Nilikaa chini nikaangalia. Nimeangalia vipindi vyote 178, vya misimu saba, na vingine nimevirudia mara tatu.

Kwa wasioijua: ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1987 na kumalizika 1994. Picard aliigizwa na Patrick Stewart, Mwingereza ambaye kabla ya hapo alikuwa ametumia miaka mingi jukwaani kuigiza michezo ya Shakespeare, na unalisikia jukwaa hilo kwenye sauti yake. Chombo chake kina watu zaidi ya 1,000, wakiwamo wake, waume na watoto wa wafanyakazi, wote wakiishi humo. Hakuna anayerudi nyumbani zamu ikiisha, kwa sababu nyumbani ndiko huko huko. Nasi Waswahili tunayo sehemu yetu katika hadithi hizi tangu mwanzo: katika tamthilia ya kwanza, ya 1966, ofisa wa mawasiliano aliitwa Uhura, jina lililotoholewa kutoka neno letu uhuru, na kuna kipindi ambacho anafutwa kumbukumbu na lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Aliigizwa na Nichelle Nichols. Mtoto wa dada yangu alinionyesha hicho pia, na niliguswa, ila hadithi yangu ni ya Picard.

Wanaompenda hutaja ujasiri wake na hotuba zake. Hotuba ni nzuri kweli. Mimi nilimpenda kwa sababu ya meza.

Nyuma ya sehemu wanakoendeshea chombo kuna chumba chenye meza ndefu na madirisha makubwa yanayotazama nyota. Likitokea jambo zito, Picard huwaita wakuu wake pale: Riker, msaidizi wake ambaye humwita Namba Moja, fundi mkuu, daktari, mshauri, mkuu wa ulinzi, na Data, ambaye ni mtu wa kutengenezwa, mwili wake mashine tupu. Wakishaketi, yeye huuliza. Ni nini hiki? Kinafanyaje kazi? Tuna njia gani? Mmoja anasema hili, mwingine anampinga mbele ya nahodha na hakuna anayekunja uso. Picard husikiliza mpaka awe ameshiba. Kisha anasema, "Na iwe hivyo," wanatawanyika, na kuanzia dakika hiyo uamuzi ni wake peke yake. Ukienda vibaya hajapata kuuliza lilikuwa wazo la nani.

Nilipoiona meza hiyo mara ya kwanza nilijisikia vibaya, kwa kuwa najua vikao vyetu vinavyokwenda. Mkubwa huanza. Anasema anavyoona, anaeleza kwa nini, anamaliza, ndipo anauliza: nani ana la kuongeza? Na kweli huongezwa. Kila anayesimama anaongeza kidogo juu ya lile la mkubwa, kama watu wanaotia kuni kwenye moto uleule. Nimeviendesha vikao vya namna hiyo miaka mingi nikidhani kimya cha watu ni heshima, na kwamba nikiona vichwa vinaitikia, basi kazi imeeleweka.

Wapo watakaosema kiwanda si baraza, usiku hauna nafasi ya mijadala. Tamthilia yenyewe imelijaribu swali hilo. Katika hadithi moja ya Desemba 1992, Picard anapelekwa kwenye kazi ya siri na chombo anakabidhiwa nahodha mwingine, Jellico. Siku ya kwanza tu anaagiza zamu ziwe nne badala ya tatu. Riker anazungumza na wakuu wa idara, anarudi kumwambia kwamba badiliko hilo litaleta shida kubwa. Jellico hataki kusikia shida, anataka kusikia limefanyika. Sitaki kumwonea: si mwoga, anaijua vita, na mwishoni anashinda alichotumwa kushinda. Lakini tazama nyuso za watu wake. Ndani ya siku chache wamejifunza kumpelekea kile tu anachotaka kupokea. Zamu nne wengine tutaziona ni jambo dogo, ni karatasi tu ya ukutani. Mimi niliyewahi kupanga zamu za watu wenye watoto wanaonyonya najua kwamba karatasi ile ni ndoa za watu, ni maziwa ya watoto, ni nani atamfungulia mlango mama mzee asubuhi.

Sasa niseme la kwangu.

Ilikuwa kipindi cha mvua, majani yanapokuwa mengi kuliko uwezo wa kiwanda. Jani bichi la chai karibu robo tatu yake au zaidi ni maji, na kazi yetu yote ni kuyaondoa maji hayo kwa mpangilio mpaka zibaki asilimia tatu hivi. Linanyaushwa kwanza kwenye mabeseni marefu yanayopulizwa hewa kutoka chini, kisha linaingia kwenye mashine ya kukatia, yenye rola mbili za meno, moja ikizunguka kwa kasi kuliko mwenzake, zinalisaga na kulichana. Likishakatwa linaanza kubadilika rangi kuwa la shaba, na hapo saa inahesabiwa. Ukichelewa kulikausha, ladha inakufa. Kwa hiyo mashine ya kukatia ikisimama ghafla, nyuma yake majani yanarundikana na kupata joto, mbele yake yaliyokwisha kukatwa yanapitiliza. Hakuna kitufe cha kuiambia chai ingoje.

Kama saa saba usiku kijana mmoja alinijia mezani. Alikuwa kibarua, mwezi wake wa pili, kutoka upande wa Mdabulo. Nilikuwa najaza daftari la vipimo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akasimama. Niliendelea kuandika. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akasema, "Mama, leo mashine inaimba."

Nikamjibu, "Iache iimbe, ndiyo kazi yake." Akasema haya mama, akaondoka.

Dakika arobaini baadaye beringi ya rola ya pili iliungua. Moshi, kelele ya chuma kusagana na chuma, fundi akiitwa mbio kutoka usingizini. Mashine ilisimama mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na zaidi ya tani mbili za majani zikageuka uchachu. Wachumaji walikuwa wameyachuma hayo majani mvua ikiwapiga migongoni, kwa ujira wa kilo.

Asubuhi nilimwita yule kijana. Sikumwita kwa upole. Nilimuuliza kwa nini aliisikia mashine ina hitilafu na hakuniambia. Akatazama chini, akajibu taratibu, "Nilikuambia, mama."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Alikuwa ameniambia, na nilikuwa nimesikia kila neno. Wiki mbili kabla yake nilimkaripia mwenzake mbele ya zamu nzima kwa kusimamisha mashine kwa sababu ya mlio ambao haukuwa na maana. Kijana huyu alikuwepo. Basi yeye alipopata habari mbaya aliifunga vizuri ndani ya kitambaa, akaniletea, akaiweka mezani ili mwenyewe niifungue nikitaka. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima humwambii umekosea. Unamwambia mbuzi wa jirani leo wamefika mbali, naye anajua kwamba ameacha zizi wazi. Nyumbani kwa bibi yangu, mkwe hakuambiwa chakula kimeungua, aliambiwa leo kuni zilikuwa kavu sana. Heshima yetu imejaa vitambaa vya namna hii, na ni heshima nzuri, lakini inamtaka anayepokea ajue kufungua.

Hapo ndipo nikakirudia kipindi kiitwacho "Darmok". Kilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 1991, na kwangu ndicho kilele cha misimu yote saba.

Enterprise inakutana na watu waitwao Watamaria. Katika ulimwengu wa tamthilia ile kuna mashine inayotafsiri lugha zote, na maneno ya Watamaria inayatafsiri bila shida. Tatizo ni kwamba hakuna anayeelewa kitu. Nahodha wao, Dathon, anasema, "Darmok na Jalad huko Tanagra." Anasema, "Temba, mikono yake wazi." Mambo yakiharibika husema, "Shaka, kuta zilipoanguka." Kila sentensi ni tukio la hadithi wanayoijua wao, na mgeni asiyeijua hadithi anabaki na majina matupu mkononi. Ukisikiliza kwa sikio la Kiswahili unashtuka zaidi: Shaka, Temba, na tena yuko Uzani na jeshi lake. Temba ni jina la ukoo linalofahamika Kilimanjaro. Shaka tunaijua sote, na uzani tunaupima kila asubuhi wachumaji wakileta mizigo. Maneno yanafika sikioni kama ya nyumbani, maana haifiki.

Dathon anachukua visu viwili, anajihamisha yeye na Picard mpaka kwenye sayari isiyo na watu. Anamrushia Picard kisu kimoja. Picard anadhani anaalikwa kupigana, anakataa. Baadaye anatokea mnyama wa kutisha ambaye mmoja hamwezi, na ndipo inamwingia: Darmok na Jalad walifika Tanagra wakiwa wageni, wakakuta adui mmoja, wakapigana naye pamoja, wakaondoka marafiki. Dathon hakuwa na neno la kusema "tufahamiane", kwa hiyo akaamua waliishi tukio lenyewe. Katikati ya pambano wale waliobaki Enterprise wanajaribu kumvuta nahodha wao arudi. Kwa nafasi ile anayotoweka, mnyama anamjeruhi Dathon vibaya. Usiku, kando ya moto, Dathon anakata roho polepole, na Picard anamsimulia hadithi ya kale ya Gilgamesh na rafiki yake Enkidu, kwa sababu hana kitu kingine cha kumpa. Kesho yake, vyombo viwili vikiwa tayari kushambuliana, Picard anawajibu Watamaria kwa lugha yao. Vita vinakwisha.

Mimi ni mtu wa Iringa. Ukiniambia kuta zilipoanguka, mimi siendi Tamaria. Naenda Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mababu zetu waliwavizia Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakaisambaratisha safu ndefu ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na Nyundo mwenyewe akafa pale. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga, na Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alitoroka, akaendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, akajipiga risasi asitekwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likarudi mwaka 1954, na hadi leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Nilipelekwa kulitazama nikiwa darasa la tano, tumepanga mstari, hakuna aliyesukumana.

Basi fikiria tungezungumza Kitamaria sisi wa huku. Kwa mtu anayeingia mahali kwa kujiamini bila kuuliza wenyeji, tungesema: Nyundo, pale Lugalo. Kwa jambo lililokushinda baada ya kulishindania kwa nguvu zote: Mkwawa, kuta zilipoanguka. Kwa deni lililolipwa kwa kuchelewa sana lakini likalipwa: fuvu, liliporudi Kalenga. Kila mtoto aliyesoma Iringa angeelewa papo hapo, na msimamizi aliyeletwa kutoka nje, hata awe na shahada tatu, angekaa kikaoni akitabasamu bila kujua kwamba amekwisha kuonywa mara nne.

Nimefika mahali ambapo nina maoni yasiyo ya wengi. Nahodha bora katika tamthilia nzima, nikipima kwa haki, ni Dathon. Anaonekana katika kipindi kimoja tu. Alitambua kwamba watu wake na wageni hawatafahamiana kwa kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, akaweka mwili wake mwenyewe mahali pa kamusi. Sifa ya Picard ni kwamba aliweza kuwa mwanafunzi mzuri wa mtu huyo. Usiku mmoja alitosha. Mimi ilinichukua tani mbili za majani na aibu ya kijana wa watu.

Niliporudi kazini nilianza na jambo dogo. Kila nikianza zamu nazunguka kiwanda kizima, kutoka kwenye mabeseni ya kunyaushia hadi kwenye magunia, na mezani siketi mpaka niwe nimezungumza na kila mtu. Simuulizi mtu kama kuna tatizo. Ukimuuliza kibarua kama kuna tatizo atakujibu hakuna mama, na atakuwa amekulinda wewe na kujilinda yeye. Namuuliza mashine yake leo ikoje. Nasema kamwene, naitikiwa kamwene, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, mimi sasa huweka kalamu chini. Kwenye kikao cha wiki nilijinyima kuzungumza kwanza. Wiki nne za mwanzo tulikaa tukitazamana, kimya mpaka unasikia feni. Wiki ya tano mwanamke mmoja wa upande wa kuchambua gredi, aliyekuwa na miaka mingi kiwandani kuliko mimi, alisema kwamba labda, kama wakubwa wataona inafaa, yule anayelisha mashine ya kukaushia asibadilishwe katikati ya usiku, maana mkono mgeni unatia mengi kwa pamoja. Nikasema, na iwe hivyo. Hakujua neno hilo nimelitoa wapi.

Iko hadithi nyingine ya Picard ambayo siwezi kuiacha, kwa ajili ya neno hili, kibarua. Ni ya mwaka 1989, msimu wa pili. Anakuja mwanasayansi mmoja, Maddox, anayetaka kumfungua Data vipande vipande aone jinsi alivyotengenezwa, ili waundwe wengine kama yeye. Data anakataa. Inatolewa hoja kwamba Data ni mali, na mali haikatai. Kesi inafunguliwa, Picard anamtetea, na Riker, rafiki yake Data, analazimishwa kuwa upande wa mashtaka. Asipofanya, Data amekwisha kushindwa. Riker anaifanya kazi hiyo vizuri mno. Mbele ya jaji anamzima Data kama unavyozima taa. Picard anatoka pale amekwama. Anakwenda kwa Guinan, mwanamke anayehudumia mahali pa vinywaji, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, na huyo anamwambia kwa utulivu kwamba katika kila dunia wamekuwepo watu wa kutumika na kutupwa, wanaofanya kazi chafu kwa sababu hakuna anayelazimika kufikiria hali yao. Neno utumwa Picard analifikia mwenyewe, na linamtoka kwa shida. Anarudi mahakamani na kuuliza: mkitengeneza maelfu ya Data, mtakuwa mmetengeneza nini? Jaji anaamua kwamba Data ana haki ya kuchagua.

Naandika haya nikijua wanaosoma ni pamoja na wenye mashamba na wenye viwanda. Kibarua kwenye vitabu vyetu ni namba na siku. Akiumwa tunaandika mstari, kesho yake namba nyingine inakuja. Picard alikuwa na watu zaidi ya 1,000 na hakuweza kuwajua wote, tamthilia haidanganyi kwamba aliwajua. Lakini fundi mkuu wake, La Forge, alipokuja akiomba mtu mmoja mwenye haya na woga, Barclay, ahamishiwe kwingine kwa sababu hafai, Picard alikataa. Alimwagiza La Forge amsogelee huyo mtu, amfahamu. Barclay akaja kuwaokoa. Yule kijana wa Mdabulo, baada ya usiku ule wa beringi, ofisini walitaka aondolewe kwa uzembe. Nilikwenda kueleza kwamba uzembe ulikuwa wangu na kwamba ndiye mtu pekee kiwandani aliyesikia. Sikuwa jasiri, sauti ilikuwa inatetemeka. Walimwacha. Leo ni msaidizi wa fundi, na sikio lake halina mfano. Anapita kwenye korido na kusema beringi ya ngapi itataka grisi kesho.

Kasoro moja ya Picard nimeiona tangu mwanzo, na wapenzi wake wengi huigeuza kuwa sifa. Anajitenga. Wakuu wake wana mchezo wao wa karata, wanakaa mezani usiku wakicheka, naye miaka yote saba hakai nao. Husemwa kwamba nahodha hana budi kuwa na umbali. Tamthilia yenyewe haikubali: katika dakika za mwisho kabisa za kipindi cha mwisho anabisha hodi, anaingia, anaketi, anakiri kwamba alipaswa kufanya hivyo zamani. Nilipoiona hiyo sehemu nilikuwa peke yangu, saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa. Jioni ile nilibeba viazi vya kuchemsha kutoka nyumbani, na wakati wa mapumziko, badala ya kula ofisini, niliketi kwenye benchi karibu na boila walikoketi wao. Walinyamaza. Mmoja akasogea kunipisha. Chai tuliyokunywa ilikuwa ya kwetu, nyeusi, ya moto, na sukari nyingi kupita kiasi.

Usiku ule wa beringi ulikwisha kusimuliwa mara nyingi sana pale kwenye benchi, na kila anayeajiriwa husimuliwa. Sikuwahi kuuagiza. Na polepole zile sentensi mbili zikatoka kwenye hadithi zikaanza kutembea zenyewe. Mtu akiona kuni za boila zimelowa, haji na maelezo. Anasema mashine inaimba. Lori la majani likichelewa na mvua imetanda, mashine inaimba. Na mtu akimwona mwenzake hasikilizi, humwambia: wewe, iache iimbe. Wanalisema hilo mbele yangu, na ni haki yao kulisema.

Mwezi wa sita, kwenye baridi kali, yule mama wa gredi alinijia saa kumi alfajiri. Miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kunieleza jambo la nyumbani kwake. Alisimama mlangoni, mikono amekwisha kuifuta vumbi la chai, kanga ya mabegani amekwisha kuifunga.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

"Dada, nyumbani mashine inaimba."

Niliweka kalamu chini, nikachukua funguo za gari.